Jibu: Kufundisha kwa bodi bila namba ya TSC

Dada, umeuliza kama bodi ya shule ya umma huko Mumias inaweza kumchukua mdogo wako kabla hajapata namba ya usajili ya TSC, yaani Tume ya Huduma ya Walimu ya Kenya. Hapana. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, inataka asajiliwe kwanza.

Namba yenyewe si ajira, lakini. Mwajiri wake atakuwa bodi, si TSC. Mimi nilifundisha hivyo miaka 3: barua yangu ilikuwa nusu ukurasa, muhuri umegongwa vizuri, pale pa mshahara pako wazi! Asikubali ya namna hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, mshahara ukitajwa humo.