Chumba cha mabati: anzia kwenye hewa na sakafu, rangi ingoje

Umeuliza kama inafaa kutumia pesa ya chama chenu cha akiba kurekebisha chumba cha kupanga, maana mtoto wako anakohoa kila mvua ndefu. Inafaa, tena sana.

Nimeishi Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda Nairobi, miaka 9. Chumba chetu ni futi 10 kwa 10, mabati juu na pembeni, na hakikuwa na dirisha. Tulipikia jiko la mafuta taa karibu na kitanda, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Nikipangusa bati la juu ya jiko, kitambaa kilitoka cheusi, kinanata. Masizi hayo ndiyo binti yangu alikuwa akivuta. Usiku bati likipoa, mvuke uligeuka matone yakadondokea blanketi, na ukungu ukaota kwenye kona.

Fundi alikata matundu mawili karibu na paa, yakitazamana, akayawekea nondo na wavu wa mbu. Usikubali tundu moja, hewa haitapita. Mwezi huohuo tukanunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Mvua zilizofuata mtoto alipata mafua ya kawaida tu. Zile safari za zahanati usiku wa manane, nimembeba mgongoni akikoroma kifua, ziliisha.

Halafu sakafu. Kule Mexico serikali iliwawekea watu simiti badala ya udongo kupitia mpango wa Piso Firme, na watafiti wakakuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua kwa watoto. Kwetu simiti peke yake haikutosha. Mtaro ulipofurika uchafu uliingia vilevile, mpaka tukainua kizingiti.

Lakini kabla hujamwita fundi, ongea na mwenye nyumba. Jirani yangu alimwaga simiti kwa pesa yake, na baada ya miezi 3 kodi ikapandishwa. Ilimshinda. Akahama na wanawe hadi chumba cha udongo kando ya Mto Ngong, na wale watoto wakaanza kuhara tena. Iliniuma sana. Ndipo sisi wapangaji tukaenda kwa mwenye ploti pamoja, tukaandikiana: gharama ikatwe kwenye kodi, na kodi isipande mwaka mzima. Alisaini mbele ya keateka, yule msimamizi wa ploti, na kila mpangaji akabaki na nakala yake.

Na tafadhali, hata ukishatoboa matundu, usilale na jiko la makaa ndani.