Re: Hedifoni za bei mbaya au spika za sebuleni?

Mkuu, umeuliza kama bajeti yote uimalizie kwenye hedifoni kali, maana umepanga chumba na muvi unaangalia usiku.

Kwa muziki wa kusikiliza peke yako, chukua hedifoni. Sennheiser HD 600 ilitoka 1997 na bado inasakwa. Kupata sauti ya mwimbaji safi namna ile kwa spika kutakutoa hela ndefu, tena chumba kiwe na zulia na mapazia mazito. Kuta tupu zinarudisha mwangwi, besi inavuma konani na kwenye kochi huisikii. Ila HD 600 ina ukinzani wa ohm 300, simu inaisukuma kwa shida, kwa hiyo tenga hela ya amplifaya. Na mgongo wake uko wazi: mwenzio aliyelala pembeni atasikia kila kitu, na wewe utasikia feni.

Muvi ni kesi nyingine. Mlipuko sharti ukugonge kifua, na hedifoni inasukuma hewa ya masikioni tu. Halafu kwa spika, sikio la kushoto linapata pia sauti ya spika ya kulia, imechelewa kidogo sana, na ubongo unaiweka mbele yako kwenye skrini. Kwenye hedifoni maongezi yanatokea katikati ya kichwa. Hilo linanikera kuliko kukosa besi.

Ningekuwa wewe ningegawa: spika mbili nzuri za kawaida, hedifoni ya bei ya kati kwa usiku. Sabufa zenye taa za disko achana nazo. Chumba chako kina ukubwa gani?