Kabla hujazima mapambo ya deskitopu, jua nani anayachora

Madukani Arusha na Moshi utakutana na laptopu za mtumba za aina ya Latitude E6420 au EliteBook 8460p, zenye Core i5 ya kizazi cha pili. Mwenye nayo akishaipamba kwa madirisha yanayopenyesha mwanga, mandhari ya video na saa za kila mtindo, feni inaanza kuvuma hata kabla hajafungua programu. Mtaani ataambiwa azime kila kitu. Mara nyingi tatizo haliko hapo.

Kioo cha 1366 kwa 768 kina vitone 1,049,088. Kila kitone ni baiti 4, hivyo picha moja ni kama megabaiti 4.2, na dirisha likiwa kwenye mwendo huchorwa hadi mara 60 kwa sekunde. Kwa chipu ya picha hiyo ni kazi ndogo. Draiva yake, yaani programu inayoiendesha, isipokuwepo, mzigo wote unamwangukia prosesa, na kinachomtesa zaidi ni ule ukungu wa nyuma ya dirisha, maana rangi ya kila kitone hupatikana kwa kusoma vitone vingi vya jirani. Vivuli havina neno.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na X, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", aliyekupigia Windows hakumaliza kazi: weka draiva ya Intel kwanza. Usihangaike kutafuta mchoro wa GPU, yaani chipu ya picha, kwenye Task Manager. Draiva za kizazi hiki hazifikii WDDM 2.0, toleo la mfumo wa draiva ambalo mchoro huo unalihitaji, kwa hiyo hautauona. Angalia dwm.exe, programu ya Windows inayochora madirisha, inakula prosesa kiasi gani.

Kwenye Linux Mint, weka kifurushi cha mesa-utils kisha andika glxinfo -B kwenye Terminal. Ukiona llvmpipe, prosesa ndiye mchoraji. Mara nyingi ni nomodeset, neno la kuwasha mashine bila draiva ya picha, iliyobaki tangu siku ya kusakinisha. Ifute kwenye /etc/default/grub, andika sudo update-grub, uwashe upya.

Draiva ikiwa sawa, tafuta kinachojichora upya bila kupumzika. Dirisha lililotulia halina gharama. Saa ya mapambo inayo. Kwenye faili la skini ya Rainmeter, programu ya mapambo ya Windows, kuna mstari wa Update, na namba yake ni milisekunde: 1000 ni mara moja kwa sekunde, 25 ni mara 40. Mistari ya muziki inayorukaruka huhitaji namba ndogo, saa haihitaji. Kwa Conky, mwenzake wa Linux, adui ni exec, inayoita amri upya kila mzunguko. Amri ya hali ya hewa ikiitwa hivyo kila sekunde, inakula prosesa na bando pia. Tumia execi 1800, iitwe kila nusu saa.

Mandhari ya video yana mtego wake. Intel HD 3000, chipu ya picha ya laptopu hizi, hufungua video za mfumo wa H.264 yenyewe, lakini za VP9 haiwezi, na mafaili mengi ya webm ni VP9. Hapo prosesa anafanya kazi muda wote kioo kikiwaka. Geuza faili hivi kwa ffmpeg, programu ya kubadili video:

ffmpeg -i mandhari.webm -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -vf scale=1366:768 -r 24 -an mandhari.mp4

Sauti imetolewa, picha zimebaki 24 kwa sekunde, na hutaona tofauti nyuma ya aikoni zako.

Unapopima, funga programu zote, usiguse kitu kwa dakika moja, ndipo usome asilimia ya prosesa. Usidharau 25%: i5-2520M ina viini viwili na nyuzi nne, kwa hiyo 25% yaweza kuwa uzi mmoja uliojaa kabisa.

Ukibaki na haja ya kupunguza, bonyeza Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance. Usichague "Adjust for best performance", itakuachia maandishi yenye kingo za msumeno bila faida ya maana. Ondoa alama za miondoko, acha "Smooth edges of screen fonts". Ule mwanga wa kupenya uko Settings, Personalization, Colors.

Prosesa akisoma chini ya 5% na feni bado inavuma, hasa joto la Moshi la Januari na Februari, achana na mapambo. Fungua mfuniko wa chini, toa vumbi lililoziba kati ya feni na mapezi ya kupozea joto, na ubadilishe pasta iliyokauka juu ya prosesa.