Nyembe tatu mezani: upi uwe wa kwanza?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimechoka na nyembe za kutupa, kila nikinyoa shingo inaniwasha siku mbili. Nataka kujifunza wembe wa kukunja kama wa vinyozi wa zamani, na nimepata tatu za kuchagua. Wa kwanza ni mpya, unang'aa kama kioo, mpini wa mbao nzuri sana, unauzwa pamoja na ukanda wa ngozi wa kulainishia makali, jiwe, brashi na bakuli, na bado bei yake iko chini ya hizo nyingine mbili. Wa pili ni wa zamani, umeandikwa Sheffield, mpana na mzito, ncha yake mraba kama patasi. Wa tatu ni mpya kutoka Solingen, mpini wa plastiki nyeusi, ncha ya duara, kipimo 5/8, na muuzaji anasema umenolewa kwa mkono. Nichukue upi? Ninunue na mawe ya kunolea kabisa? Rafiki yangu anasema nianze na ule unaopachikwa wembe wa kawaida, eti ndio wa kujifunzia.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua wa tatu, na mawe yaache huko huko dukani. Nimenoa nyembe za watu muda mrefu kiasi cha kujua kwamba jibu fupi namna hii halimtoshi mtu ambaye jicho lake limeshaangukia mpini wa mbao, kwa hiyo nieleze.

Shika lile neno la muuzaji wa tatu, kwamba wembe umenolewa kwa mkono. Wanaoanza huuliza chuma, huuliza mpini, huuliza mji ulikotengenezwa. Makali hawaulizi, maana wanaona wembe mpya hauwezi kuwa butu. Unaweza sana. Nyembe nyingi hutoka kiwandani na makali ya kukata karatasi, hata ya kukwangua nywele za mkono, na mnunuzi akijaribu hivyo anaridhika. Ndevu ni jambo lingine. Kutoka makali ya karatasi hadi makali ya uso kuna safari ya mawe, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi: la namba 1000 hivi linaloweka makali yenyewe, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na wengi wetu humalizia na 12000 au jiwe la asili kama lile la rangi ya maziwa na manjano linalochimbwa Ardennes, Ubelgiji. Halafu ndipo ukanda. Asiyeifanya kazi hiyo amekuuzia chuma chenye umbo la wembe.

Mimi mwenyewe niliingizwa mjini hivyo hivyo. Wembe wangu wa kwanza uling'aa kuliko kioo nilichojitazamia, na kwa wiki tatu nilikuwa namaliza kunyoa uso unawaka moto. Kila siku nililaumu mkono: leo nimekosea pembe, leo povu lilikuwa jepesi, leo ngozi sikuivuta sawasawa. Mzee aliyenifundisha kazi aliuchukua, akaupitisha juu ya nywele za mkono wake, kama nusu sentimita hivi kutoka kwenye ngozi, bila kuigusa. Hazikukatika hata moja. Akatoa wa kwake akafanya vile vile, nywele zikaanguka kimya kimya. Akanirudishia wangu, akaniambia nikafungulie barua.

Hilo ndilo balaa la makali mabovu kwa mwanafunzi: hujui kosa ni lako au ni la wembe. Ukiwa na wembe uliokwisha kunolewa vizuri, ukijikata unajua ni mkono, na mkono unafundishika.

Sasa huo wa mpini wa mbao. Piga hesabu tu: wembe, ukanda, jiwe, brashi na bakuli, vyote kwa bei iliyo chini ya wembe mmoja mtupu. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya mtu kukaa na mawe saa nzima. Ukitaka kuhakikisha, nenda ukaushike. Ufunge polepole uone kama makali yanaingia katikati ya mpini au yanagusa ubavu mmoja. Kisha ulaze juu ya kioo kilichonyooka: mgongo na makali vyote vinatakiwa viguse kioo kwa urefu wote. Ukibonyeza ncha na upande wa pili ukainuka, wembe umepinda.

Kupinda si suala la sura. Mgongo wa wembe wa kukunja ndio kipimo chake cha kunolea, kwa sababu wakati wa kunoa mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa wembe ndio unaoamua pembe. Mgongo wa milimita 4.5 kwenye wembe wa upana wa milimita 16 hutoa pembe ya digrii 16 hivi kwenye makali, na hapo ndipo panapotakiwa. Mgongo ukiwa mnene sehemu moja na mwembamba nyingine, au umepinda, pembe inabadilika njiani, na hakuna jiwe duniani litakaloinyoosha bila kuula wembe. Nyembe za namna hii nikiletewa huzirudisha. Mwenyewe huondoka amenuna, lakini afadhali anune kuliko nimtoze fedha kwa kazi isiyokuwepo.

Wa Sheffield naomba niuseme kwa heshima. Mji ule wa Uingereza ulianza kuyeyusha chuma cha hali ya juu ndani ya vyungu tangu miaka ya 1740, njia ya Benjamin Huntsman, na nyembe zake nzito bado zinanyoa vizuri mno zikiwa mkononi mwa anayezijua. Ukikuta neno England limepigwa mhuri pamoja na Sheffield, mara nyingi ni wa kuanzia 1891, pale sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilipoanza kudai kila bidhaa inayoingia kule ionyeshe nchi ilikotoka. Ni raha kujua hivyo. Ila umri haunyoi.

Ulivyoueleza, huo wako ni kabari: ubavu umenyooka au umekombwa, yaani umechimbwa ndani, kidogo sana, chuma kimejaa hadi karibu na makali. Kabari hupita kwenye ndevu ngumu kama gogo linavyoteremka mlimani, lakini haikwambii kitu. Ukikosea pembe, unajua pale ngozi inapowaka. Halafu ile ncha ya mraba. Kinyozi mzoefu huipenda kwa kuchora mstari wa sharubu, na anayeanza huichomeka kwenye ndewe ya sikio. Nimeona hilo mara nyingi kiasi kwamba ukija na kovu dogo chini ya sikio, nakuuliza wembe wako una ncha gani.

Tatizo lake kubwa lakini ni kwamba hujui umepitia mikono gani. Tazama mgongo: ukiona bapa pana lililosagika, hasa likiwa pana upande mmoja kuliko mwingine, umenolewa vibaya miaka mingi. Tazama makali dhidi ya mwanga. Yakiwa yamebinuka kidogo kuelekea nje mithili ya tumbo la mashua, hayana neno. Yakiwa yamebonyea katikati, achana nao. Madoa ya kutu mgongoni ni uzee tu, ila vishimo vya kutu vilivyofika kwenye makali ni ugonjwa, maana kila ukinoa unakutana na kingine. Na mpini ukiwa wa seluloidi, unuse. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, na wembe uliolala ndani yake huliwa na kutu hata kama haujaguswa na maji. Ukipita vipimo vyote hivyo, na moyo bado unaupenda, ununue uwe wa pili.

Basi kwa nini 5/8? Nyembe hizi hupimwa upana kwa thumuni za inchi, kwa hiyo huo ni thumuni tano, karibu milimita 16. Ukienda 7/8 unapata uzito na nafasi ya kubeba povu, lakini chini ya pua unakuwa unanyoa kwa kubahatisha kwa sababu wembe umekuziba. Ukishuka 4/8, povu hujaa haraka hadi mgongoni na unasafisha kila mara. Thumuni tano au sita, usihangaike zaidi ya hapo. Ncha ya duara inasamehe. Muulize pia muuzaji umekombwa kiasi gani. Uliokombwa nusu au kamili una ubavu mwembamba uliochimbwa ndani pande zote mbili, na wembe huo una sauti: ukipita kwenye ndevu utausikia ukikwaruza kwa mlio mwembamba, na ukiinua pembe kupita kiasi mlio unabadilika kabla ngozi haijalalamika. Hiyo sauti ni mwalimu. Adhabu yake ni kwamba chuma chembamba hakitaki kugongwa. Nyembe zenye pengo ninazoletewa, mhalifu karibu siku zote ni bomba la maji, wakati wa kusuuza.

Jina la Solingen lenyewe lina maana. Ujerumani inalilinda kisheria tangu 1938, na bidhaa haiwezi kupigwa mhuri huo kama hatua kuu za kuitengeneza hazikufanyika katika eneo hilo. Linakuhakikishia chuma na uundaji. Halikuhakikishii makali, kwa hiyo kabla hujatoa fedha muulize muuzaji maswali mawili: nani aliyeunoa, na kwa mawe gani. Mwenye kazi yake atakujibu hadi umchoke. Akikujibu "umetoka hivyo kiwandani", ununue ukipenda, lakini tenga fedha ya kumlipa mnoaji kabla haujagusa uso.

Mpini wa plastiki hauna ubaya wowote, hauvimbi kwa maji. Kama wembe ni wa chuma cha kaboni, utanoleka kwa urahisi na utashika kutu ukizembea. Kisichoshika kutu kinavumilia unyevu, ila jiwe linakitolea jasho zaidi. Wa kaboni ukaushe vizuri, upake mafuta kidogo kama hautatumika siku kadhaa, na usiulaze bafuni.

Fedha uliyotaka kutia kwenye mawe, itie kwenye ukanda wa ngozi. Tafuta wenye upana wa inchi tatu hivi, wa bei nafuu, kwa sababu wa kwanza utaukata. Sote tuliukata. Uvute ukaze, ulaze wembe bapa kabisa, mgongo na makali vikigusa ngozi, kisha uende mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Mwishoni mwa ukanda ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, usiuinue. Ukigeuza kupitia makali umekata ngozi. Ukiinua mgongo hata kidogo njiani umeyaviringa makali, na kazi ya mnoaji imekwisha hapo hapo. Kwenda na kurudi mara 50 au 60 kabla ya kila kunyoa yanatosha, polepole, bila kukandamiza. Mbio unazoziona kwa vinyozi ni za maonyesho. Wembe unaotunzwa hivyo hukaa miezi bila kuona jiwe, na ndiyo maana nakwambia mawe yangoje. Ukianza kuvuta ndevu badala ya kuzikata, na ukanda hausaidii tena, mpelekee mtu anayenoa nyembe kwa mawe. Usiupeleke kwa mnoa visu wa gurudumu: joto la gurudumu huua ugumu wa chuma kwenye makali, na ukiyaona yamegeuka rangi ya bluu, wembe umeupoteza.

Rafiki yako ana nia njema. Ule unaopachikwa nusu ya wembe wa kawaida upo kwa ajili ya usafi: kinyozi anatupa kipande kila mteja. Lakini ni mwepesi, makali yake ni membamba na makatili, na mkono uliozoea kuukandamiza huja kupata tabu kwenye wembe wenye uzito wake. Kama hutaki kabisa habari za ukanda, uchukue na uridhike nao. Kama ngazi ya kupandia, hapana.

Kuhusu shingo, nisikudanganye kwamba wembe huu ni dawa. Kama ndevu zako zimejikunja, nywele iliyokatwa chini mno hurudi na kuchoma ngozi, hapo kinatoka kipele, na wembe wa kukunja nao unaweza kukata chini mno. Papasa shingo ujue ndevu zimelalia wapi, maana mara nyingi upande mmoja hulala tofauti na mwingine, na ufuate ulalo huo, mpito mmoja tu, wembe ukiwa umeinuka digrii 30 hivi kutoka kwenye ngozi iliyovutwa. Ila hayo ni ya baadaye. Wiki mbili za kwanza nyoa mashavu peke yake, shingo na kidevu umalizie na wembe wako wa kutupa. Wiki ya tatu uteremke shingoni. Kidevu kiwe cha mwisho.