Maswali na majibu: Shairi halisomwi kimya

Wiki hii maswali yamekuja ya usomaji na uhakiki, nami nimefurahi, maana haya ndiyo mambo ninayoyapenda kuliko yote. Nimechagua manne.

Naendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Kijenge. Shuleni tulikaririshwa mashairi mpaka nikayachukia. Sasa nataka kuyarudia, lakini nikisoma sisikii utamu wowote. Nianzie wapi?

Anzia mdomoni, ndugu yangu. Shairi la Kiswahili hutungwa ili lighanwe, yaani lisomwe kwa sauti ya kuimba, na ukilipitisha macho tu kama tangazo la kukatika kwa maji, halitakupa kitu. Chukua mistari hii miwili niliyoitunga asubuhi nikiutazama mlima:

*Meru leo umefunga, mawingu yamekuvika,*
*Jua limetia nanga, na baridi imefika.*

Isome kwa sauti huku unahesabu kwa vidole. Mizani nane, yaani silabi nane, unapumua. Nane nyingine, unatua. *Nga* ya juu inaitikiwa na *nga* ya chini, *ka* na *ka*: hivyo ndivyo vina. Sasa ondoa "imefika" uweke "imeingia". Mizani imekuwa tisa, kina kimepotea, na sikio limejikwaa kabla hujajua limejikwaa wapi. Halafu rudi kwenye "umefunga". Mlima umejifunga kwa ukungu, au umefunga kama aliyefunga saumu, haujaonja jua tangu alfajiri? Mimi nilikusudia ukungu. Saumu niliiona nilipousoma mstari mara ya tatu, na nikaipenda zaidi.

Kanuni zenyewe utazikuta katika *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, yaani mkusanyiko wa mashairi yake. Ndiyo, huyo huyo wa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mara ngapi umepakia abiria wa mpira mpaka getini pale! Wengi wanalitaja jina lile kila siku bila kujua kwamba ni la mshairi, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita, Usa River. Kazi zangu zinarudi zimeandikwa "huu ni muhtasari, si uhakiki". Tofauti ni nini?

Marahaba, mwanangu. Muhtasari unasimulia yaliyotokea kitabuni. Mhakiki anaonyesha kitabu kimemfanya nini msomaji, na kimemfanyaje. Ukisoma, shika penseli. Pale ulipocheka, ulipokasirika au ulipolazimika kurudia, weka alama. Ukimaliza, chagua alama moja tu, nakili sentensi ile neno kwa neno, kisha jiulize ni neno gani limefanya kazi yote hiyo, na kama lingeondolewa kingebaki nini. Ukurasa wako wa kwanza umeshapatikana.

Nimesahihisha insha nyingi zinazosema "mwandishi amefaulu kutumia tamathali za semi", halafu tashibiha, sitiari na takriri zinapangwa mafungu kama nyanya za soko la Kilombero. Huniumiza, kwa sababu aliyeandika mara nyingi ameuhisi utamu wa kitabu, ila hakuna aliyemwambia kwamba alichokihisi ndicho cha kuandika. Tashibiha moja uliyoichambua mpaka ndani inatosha.

Vitabu ni ghali. Tufanyeje sisi wenye kipato kidogo?

Nenda maktaba ya mkoa. Ipo Arusha na ipo Moshi. Wanaouza vitabu vya mtumba chini barabarani nao usiwapite bila kuinama, hasa vile vilivyochanika jalada.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Old Moshi. Bibi yangu anasimulia habari za Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani, tofauti na nilivyosoma kitabuni. Nimwamini nani?

Dada, usiharakishe kuchagua. Kuna mambo ambayo pande zote mbili zinakubaliana: Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo hapo kwenu, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Wameru na Waarusha. Hayo yashike kama nguzo. Baada ya hapo, muulize kila msimulizi maswali yale yale: ulikuwepo, au uliambiwa na nani? Unamwambia nani, na unataka akuoneje?

Ofisa wa Kijerumani aliandika ripoti akimwandikia mkubwa wake. Habari za kushindwa atazipunguza, za ushindi atazitia chumvi. Bibi naye anasimulia kwa ajili ya ukoo wake, na huenda ukoo mwingine, mlima huo huo, ukawa na habari nyingine. Lakini ripoti haitakuambia nani alilia, nani alikimbilia migombani na watoto, wala wimbo gani uliimbwa usiku ule. Kama bibi anayo hayo, basi ana kitu ambacho kitabu chako hakina.

Kwa hiyo keti naye. Andika anavyosema kwa Kichaga chake, usimsahihishe, na weka tarehe juu ya ukurasa. Akitaja mahali, mwombe akupeleke kama miguu bado inamruhusu. Kisha soma kitabu chako tena ukiwa na daftari hilo pembeni, na uniandikie umeona nini.