Muulize Nesi: Babu wa vita ya Kagera hasikii, na mume karudi Congo na ndoto zake

Siku ya Mashujaa, ile tarehe 25 Julai, niliandika hapa mistari miwili mitatu kuhusu wazee waliowahi kuvaa gwanda, nikauliza tu, jamani hawa wanatibiwa wapi? Basi simu ikajaa meseji. Nyingi zimetoka huku huku kusini, na wala sishangai, sisi makaburi ya mashujaa waliokufa Msumbiji tunayo hapo Naliendele, na Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO, wale wa ukombozi wa Msumbiji, walikofundishwa, yani vita kwetu haijawahi kuwa habari ya redioni. Zote siwezi kuzijibu, nimechagua hizi.

Shikamoo nesi. Mimi ni mjukuu, niko Newala. Babu alichukuliwa kwenye mgambo akaenda vita ya Idi Amin mwaka 79, anasema alikua kwenye mota, ile mizinga ya kurusha mabomu. Sa hivi hasikii kabisa, redio anafungulia mpaka majirani wanalalamika, na ukiongea nae anakwambia acha kunong'ona. Zahanati wamempa dawa ya matone mara tatu haijasaidia kitu. Bibi yeye anasema babu anasikia anachotaka mwenyewe. Je atapona? Na je kuna matibabu ya bure kwa waliopigana, mana pensheni hana.

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza mwambie bibi amsamehe mzee wake, mana hicho anacholalamikia ndo dalili yenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo ambavyo huwezi kuviona kwa macho, sauti ikiingia vinatikisika ndo ubongo unapata habari. Mlio wa mota au bunduki ukipigwa karibu unavivunja, na vikishavunjika havioti tena. Vinavyoanza kufa ni vile vya sauti nyembamba, kwa hiyo babu anasikia lori likipita, anasikia ngoma, lakini sauti ya bibi na ya nyie watoto inampotea, na herufi kama s, f na ch anaziruka. Unamwambia shoka yeye anasikia choka. Anajua unaongea ila hajui unasema nini, anakasirika, mnasema jeuri. Muulize pia kama kuna mlio unamlilia masikioni usiku kukiwa kimya, kama wa nyenje, wengi wanao na hawasemi.

Matone hayatarudisha vinyweleo. Matone ni ya nta au usaha, na kweli nta ichunguzwe kwanza mana wakati mwingine nusu ya tatizo ni nta tu imeziba, inatolewa, mzee anacheka. Msimwagie mafuta ya moto wala mafuta ya taa, nimeyaona hayo. Mpelekeni kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Ligula, Mtwara, au ile ya kanda kule Mitengo, ila mpige simu kwanza kujua siku ya kliniki msije mkafunga safari kutoka Newala mkakuta mlango umefungwa. Wakimpima wataona kama kifaa cha kusikia kitamfaa. Kupona kama zamani hapana, kusikia vizuri kuliko sasa inawezekana. Kwa sasa kaeni mbele yake aone midomo, ongeeni taratibu kwa sauti nzito, msipige kelele, kelele zinamuumiza tu.

Sasa nataka nikwambie jambo ambalo nitalirudia mpaka mnichoke. Miaka yangu yote ya kazi kwenye faili kulikua na sehemu ya kazi ya mgonjwa, na hawa wazee ukiwauliza wote wanajibu mkulima. Ni kweli, ana mikorosho yake. Lakini daktari akisoma mkulima wa miaka sabini na kitu anawaza uzee, anaandika uzee, anamrudisha nyumbani. Akisikia mzee alikaa na mota miezi kadhaa, maswali yanabadilika hapo hapo. Kwa hiyo usisubiri aulize, mana hatauliza. Ukifika tu sema, huyu alikua vitani mwaka fulani, alifanya kazi fulani.

Kuhusu bure. Mgambo wengi walirudi makwao bila pensheni, huo ndo ukweli na unauma. Ila babu yako ana njia nyingine, Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, jina linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anapewa kitambulisho cha mzee. Nacho akifika hospitali aende dirisha la wazee asipange foleni na vijana. Kuna siku ataambiwa huduma bure ila dawa hakuna kanunue nje, ikitokea hivo msiondoke kimya, mtafuteni afisa ustawi wa pale pale hospitali, kazi yake ni hiyo. Kuna pia mambo ya bima, CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikua elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na toka 2023 kuna sheria ya bima ya afya kwa wote inayobadilisha mpangilio mzima, kwa hiyo hapo hapo kwa mtendaji ulizeni na hilo, kwenu mnajiandikishia wapi.

Dada nesi habari. Niko Mtwara mjini, naomba usinitaje. Mume wangu alikua JWTZ, alienda Congo kulinda amani, ametoka jeshini mwaka wa tatu huu. Halali. Akilala anapiga kelele, siku moja alinikaba shingo usingizini alafu asubuhi akalia. Kitasa anakagua mara tatu nne kwa usiku. Kwenye harusi ya mdogo wangu walipiga fataki nikamkuta chini ya meza ameshika mtoto. Sasa anakunywa uraka, hii pombe ya mabibo, kila siku na msimu ukiisha anahamia nipa, ile kali ya kuchemshwa. Mama mkwe anasema kaja na mapepo ya misitu ya kule. Nimechoka ila nampenda.

Mdogo wangu, hii nimeisoma mara mbili. Naomba uniamini, mume wako hana wazimu na wala hakuchagua kuwa hivo. Askari akiwekwa lindo haondoki mpaka aje mwenzake wa kumpokea. Mume wako alipewa lindo Congo, mwili ulirudi Mtwara lakini kichwani hajapokelewa mpaka leo. Kitasa, fataki, kukaba, kulala nusu jicho, vyote ni vya mtu aliyeko zamu. Kitaalamu ni ugonjwa wa kiwewe, na si jambo la Mwafrika wala la aliyelogwa, madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980 baada ya kuona wanajeshi wao waliotoka Vietnam wakiwa hivi hivi. Dalili za hivi zikipita mwezi mmoja na zinaharibu maisha ya mtu, huo ni ugonjwa wa kutibiwa, sio wa kuvumilia.

Na unatibika. Tiba kubwa ni mazungumzo, sio ya kupiga stori, ni mazungumzo na mtu aliyesomea ambaye anamrudisha kwenye kile kitu kidogo kidogo mpaka kinapungua nguvu, ni vikao kadhaa vya kila wiki. Kuna na vidonge, sertraline au fluoxetine, ambavyo vinachukua wiki nne mpaka sita kuonyesha kazi, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wiki ya pili anasema havinisaidii anavitupa chooni. Asivikate bila daktari. Na naomba sana asinunue Valium, ile dawa ya kutuliza, duka la dawa kwa ushauri wa rafiki, Valium na nipa vikikutana tumboni mtu anaweza kulala asiamke.

Uraka sikulaumu na simlaumu, hapa kwetu mabibo yakianza kudondoka ni nani asiyenusa. Lakini pombe anaitumia kama dawa ya usingizi na ni dawa mbaya, inamzimisha saa mbili alafu inamwamsha saa nane za usiku na ndoto mbaya zaidi. Ila kama anakunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege, hilo nalo liende kwa daktari.

Usiku akipiga kelele usimshike wala usimtikise. Simama miguuni mwa kitanda, mbali na mikono yake, muite jina lake, mwambie uko nyumbani, uko Mtwara, mimi ni mkeo. Washa taa. Ukiona usiku ni mbaya lala na watoto chumba kingine, na umwambie mchana kwa nini, asije akadhani umemkimbia. Na akianza kusema maneno ya bora nife, au anagawa vitu vyake, au kuna silaha yoyote ndani, hiyo sio ya kusubiri Jumatatu, unaita ndugu wawili mnampeleka hospitali usiku huo huo, hapo Ligula ni karibu, ukifika sema wazi kasema anataka kufa.

Mama mkwe usibishane nae. Kama anataka aombewe aombewe, sheikh na daktari hawagombani, ila dua isiwe sababu ya kuchelewa kliniki. Mimi mwenyewe nina baba mdogo alirudi Msumbiji, tulimzungusha kwa waganga miaka sita, na hospitali moja tuliyompeleka mwishoni kijana wa mapokezi aliangalia karatasi yake akacheka, babu na wewe ulikua komando? Mzee aligeuka akatoka, hakurudi tena pale mpaka anafariki. Kwa hiyo nenda nae wewe, mkae wote, na uwe wa kwanza kusema alikua Congo, mana yeye atasema naumwa kichwa tu.

Mimi mstaafu, niko Lindi mjini. Nina vipande vya bomu kwenye paja toka Msumbiji mwaka 87. Havijawahi kunisumbua ila sasa nimeambiwa nina sukari. Nivitoe?

Shikamoo mzee wangu. Kama haviumi, havitoi usaha na havipo kwenye kiungo au karibu na mshipa mkubwa, mara nyingi vinaachwa, kuvifukua kunaleta madhara kuliko kuviacha, na wewe mwenye sukari kidonda hakikauki haraka. Mambo mawili tu. Ukiandikiwa kipimo cha MRI sema nina chuma mwilini kabla hujavua hata shati, mana ile mashine ni sumaku kubwa mno, watakupiga eksirei kwanza waone viko wapi. Na miguu yako iangalie kila jioni, katikati ya vidole na chini ya unyayo, kama huoni chini mwambie mjukuu au tumia kioo, sukari inaua hisia za mguu na unaweza kutembea na msumari kutwa nzima usijue. Peku peku imeisha mzee, hata kwenda shamba.

Nesi, mbona Marekani wanajeshi wao wana hospitali zao nchi nzima, sisi mtu wa Masasi aambiwe aende hospitali ya jeshi Lugalo, Dar? Hii haki kweli?

Umeuliza kwa hasira na mimi nakuunga mkono nusu. Kweli, wenzetu wana wizara nzima ya waliotoka jeshini, na hospitali zake zinakaribia 170. Lakini usifikiri wanakunywa maziwa. Mwaka 2014 iligundulika hospitali yao ya Phoenix ilikua inaficha orodha ya wanaosubiri, watu wanakaa miezi hawajaonwa, na waziri mwenyewe, Eric Shinseki, akajiuzulu. Baada ya hapo wakatunga sheria nyingine mwaka 2018, na kwa kanuni zake kama safari yako ya gari kwenda kwa daktari wa kawaida inazidi wastani wa dakika 30, au saa moja kwa daktari bingwa, unaruhusiwa kutibiwa hospitali ya kiraia iliyo karibu na serikali inalipa.

Dakika 30! Mtu wa Newala dakika 30 bado yuko stendi anasubiri gari lijae. Kwa hiyo mimi siombi Lugalo ya kusini, jengo litajengwa na bado babu wa Nanyumbu atakua mbali nalo. Ningeomba hicho cha kutibiwa ulipo, aliyepigana aonyeshe karatasi yake hospitali ya Ndanda, Nyangao au Sokoine pale Lindi atibiwe, bili wamalizane wao kwa wao. Wastaafu mna chama chenu, MUWAWATA, lipelekeni hilo huko, mimi nesi wa gazetini nani atanisikiliza. Na ambaye ana kadi au karatasi za jeshi aanze kuulizia kwenye hospitali au zahanati ya kikosi kilicho karibu kabla hajapanda basi la Dar, stahiki zinategemea ulivyotoka jeshini na miaka uliyotumikia, wao wataangalia namba yako.

Hizo karatasi zenyewe nazo jamani. Zinalala kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, mchwa wanazila. Pigeni picha kwa simu, toeni kopi mbili, moja akae nayo mtoto wa mjini.

Baba hataki kupima presha, anasema askari haumwi. Tufanyeje? (Tandahimba)

Presha haiumi, ndo ubaya wake, kwa hiyo hawezi kukuambia anaumwa. Subirini siku ya hela za korosho ambayo lazima atoke, mpitieni zahanati akiwa amefurahi. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, asipimwe akitoka kushuka kwenye bodaboda. Akigoma mwambie ni amri kutoka juu, na akiuliza juu wapi, mwonyeshe mama yako.