Sevu Kwanza: Kwa Kijana Anayetaka Kucheza Tenisi ya Meza Kimataifa

Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali ya Olimpiki ya Rio 2016 baada ya kumtoa Timo Boll wa Ujerumani. Vijana wengi wanaotamani kufika huko humaliza mazoezi yote wakipiga mipira ya nguvu, sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, ikaachiwa dakika 5 za mwisho. Wakienda nje hutolewa mapema, maana sevu yao inasomeka na mpinzani anashambulia kabla hawajajipanga.

Sevu ndiyo pigo pekee usilohitaji mwenzako kulifanyia mazoezi. Jaza ndoo mipira 60, tenga dakika 20 kila siku. Anza na sevu fupi ya kukata, yaani inayozungusha mpira kinyumenyume. Legeza vidole vitatu vya mwisho, raketi ibaki kati ya kidole gumba na cha shahada, ili kifundo cha mkono kiwe huru. Subiri mpira ushuke hadi karibu na usawa wa wavu, kisha uukwaruze kwa chini kwa sehemu ya mbele ya raketi. Ukiugonga ungali juu, utadunda juu na utamalizwa hapo hapo. Kipimo chake ni hiki: usipoguswa, mpira udunde mara mbili upande wa mpinzani.

Ukishaimudu, fanya mwendo ule ule lakini gusa mpira karibu na mpini. Utakwenda bila mzunguko. Mpinzani akidhani umekatwa, ataunyanyua, nao utaruka juu ukikungoja wewe. Jozi hii ya sevu mbili zinazofanana ina thamani kuliko sevu kumi za mapambo.

Sheria nazo zisikuangushe. Mpira ukae kwenye kiganja kilicho wazi, nyuma ya mstari wa mwisho na juu ya usawa wa meza. Urushe wima, angalau sentimita 16, uupige ukiwa unashuka, na mkono uliorusha uondoke mara moja ili usimzibe mpinzani. Kosa tunaloliona sana ni kuurushia mpira kifuani, bega likaufunika. Mwamuzi akiwa na shaka, mara ya kwanza ataonya tu. Ikirudiwa, pointi si yako. Weka simu upande wa mpinzani ujirekodi: kama mpira unapotea kwenye picha hata kidogo, rekebisha.

Kuhusu raketi: raba inayogusa mpira, sponji iliyo chini yake na gundi ya kuvibandika kwenye ubao kwa pamoja visizidi milimita 4.0. Anayenunua sponji nene kupita kiasi kisha akapaka gundi tabaka juu ya tabaka hujitafutia matatizo kwenye ukaguzi. Tumia gundi ya maji, tabaka jembamba kwenye sponji na kwenye ubao, usubiri hadi weupe wote wa gundi uishe ndipo ubandike. Ukiharakisha, raba hufanya mapovu. Kwa wanaochezea Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, unyevu hufanya mpira uteleze juu ya raba, kwa hiyo ifute kila baada ya mazoezi, kisha uifunike kwa karatasi yake ya nailoni.

Mwisho ni kalenda. Orodha ya dunia ya ubora wa wachezaji huhesabu matokeo 8 bora ya miezi 12, kwa hiyo shindano moja kubwa kwa mwaka halikufikishi mbali. Aruna alijijenga kwenye ligi za Ureno na Ujerumani, alikokutana na wapinzani wagumu msimu mzima. Ukiandikia klabu za huko kuomba nafasi, ambatanisha video ya mechi kamili, siyo vipande vya pointi ulizoshinda tu.